Kiyoyozi Kisichokula Umeme

Watu wengine wakinunua kipimo cha umeme wanapima. Bwana huyu, ambaye mashemeji zake walimwita Najua, alikinunua akatangaza.

Alikuwa na gari lenye kitanda, jiko na kiyoyozi juu ya paa, na alishamwahidi mama mkwe safari ya ubaridi mtupu porini. Mama mkwe, tangu siku ya posa, alimwona ni mdomo tu. Safari hii ndiyo ingemsafisha. Shida ni moja: kajenereta kake kataweza kukiwasha hicho kiyoyozi?

Akachomeka gari kwenye umeme wa nyumba, akabana kipimo kwenye waya mzima, pamoja na ganda lake la nje. Kiyoyozi kikanguruma. Kipimo kikasema sifuri.

"Sifuri! Mama watoto, njoo uone! Hakili kitu!"

"Kinanguruma hivyo halafu hakili? Hebu pima tena."

"Wewe na umeme wapi na wapi?"

Mama mkwe akaitwa. Akaja na majirani zake, maana naye alishawatambia weee! Akapanda, madirisha yakafungwa, majirani wakabaki nje wakichungulia. Waya ukahamishiwa kwenye jenereta. Kiyoyozi kikaguna, kajenereta kakakohoa, kakazima.

"Kawaida hiyo," alisema Najua, jasho likimtoka.

Akachuna ganda la waya. Lahaula! Ndani nyaya mbili, mmoja wa kupeleka umeme, mwingine wa kurudisha. Ukizibana pamoja, wa kwenda na wa kurudi hufutana, kipimo hakioni kitu. Akabana mmoja tu, akawasha tena. Kufumba na kufumbua namba ikaruka hadi ampea sitini, kajenereta kakafa. Kumbe kiyoyozi kikishaamka hula kidogo, ila kuamka kwenyewe kunataka umeme mara tano ya huo.

"Kama wewe asubuhi," mkewe alinong'ona.

Najua hakucheka. Majirani walishaanza kukonyezana, na mle ndani mama wa watu alikuwa anaiva. Akajikaza aseme ukweli, yaishe.

Dirisha likafunguka kidogo. Uso wa mama mkwe ulikuwa unachuruzika jasho, mtandio umemganda shingoni. Akawatazama majirani mmoja mmoja, kisha akamgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe bintiye akamwita mwanangu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "hebu punguza, nimeganda huku! Na uniletee blanketi."

Najua akakimbia kulileta, machozi yakimlengalenga.