Jina la Mkwe

Miaka ile mitumba ilipoanza kufurika soko la Tukuyu na kila mwenye redio kaseti akajiona tajiri, Daktari Geresoni alirudi Kisondela na wakubwa wake wa Dar. Mtoto wa pale pale, kasoma mpaka ng'ambo, anatafiti ugonjwa wa ubongo unaowasahaulisha wazee. Uwanja wa baba yake mkubwa, mzee Ambindwile, ukajaa watu kama msibani. Nani akose sinema ya bure?

Mzee alijibu kila swali: mwezi, msimu, jina la katekista. Wageni wakaridhika. Ndipo Geresoni, kwa kutaka sifa tu, akamwita Sekela, mke wa mtoto wa mzee, atoke jikoni asimame mbele yake.

"Baba, huyu nani?"

Sekela akajifunika kanga usoni. Mzee akageukia migomba.

"Mtaje tu, baba. Si ndiye anayekupikia?"

Kimya. Geresoni akawaambia wageni, uwanja mzima ukisikia, "Mnaona? Ugonjwa umeshaingia."

Wakiwa garini, wakipanda kurudi mjini, ndipo alipokumbuka: kwa wazee wa kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, sembuse kutajana majina. Uso ukamwaka. Lakini wakubwa walikuwa wakimsifu, naye akanyamaza.

Umbea haukunyamaza. Kabla jua halijazama ulikuwa umefika Igogwe: Ambindwile kichwa kimekwisha, daktari mwenyewe kasema! Tangu hapo yule aliyekuwa msemaji wa ukoo kwenye mahari zote hakuitwa tena.

Mpaka alipoposwa Tulinagwe, binti wa Geresoni mwenyewe. Nyumba ilifurika, ndizi na nyama zikinukia. Geresoni akamwomba mzee awasemee. Hezron, msemaji wa upande wa mume, akacheka.

"Huyu? Si atasahau ng'ombe tuliowaleta, atudai wengine!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akatabasamu, macho chini. Tabasamu lile lilimchoma Geresoni kuliko tusi. Akasimama.

"Mzee haumwi. Mimi nilimtaka amtaje mkwewe mbele za watu. Nililijua kosa langu siku ile ile, nikanyamaza."

Kicheko kikakatika. Kisha shangazi Atupokile akapaza sauti kutoka jikoni, "Loo! Daktari wa kusahau, na mila ya kwenu umeisahau? Kwani ulizaliwa Ulaya?"

Nyumba ikalipuka upya.

"Kaa, mwanangu," mzee alisema. "Wageni wana njaa."

Akaanza kusema kama zamani, maneno yakiteleza kama maziwa mgando. Katikati akanyamaza, kidole juu, kama wasemaji wafanyavyo ili neno liive. Zamani watu wangesubiri. Siku hiyo nyumba nzima iligeuka kumtazama Geresoni, kama vile yeye ndiye wa kusema kama mzee ni mzima au la.

Geresoni hakujua auweke wapi uso wake.

Mzee akashusha kidole. "Mnamtazama nani?" akauliza. "Anayesema ni mimi."

Hata vigelegele vilipopigwa, ng'ombe wakakubaliwa, daktari alikuwa bado anatazama viatu vyake.