Sekunde za Meza Tupu

Mshonaji alirudisha picha nyuma kwa mara ya tisa, akaanza kuhesabu kwa midomo. Mwanamke anaingia kwake, mkoba begani, anafunga mlango, anapita sebuleni, anaingia chumbani. Mezani, alikopita bila kutazama, kuna kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Na mwanamke huyu anaishi peke yake.

Sekunde ishirini na mbili. Hakuna muziki, hakuna anayekimbia.

"Gari langu liko wapi?" akauliza kaka yake, mwenye filamu, akiwa amesimama nyuma ya kiti. "Nilikwambia, filamu ya taharuki inaanza na gari, risasi, ukelele. Mtu asipate hata nafasi ya kukaa vizuri."

"Lipo dakika ya sita, kaka."

"Dakika ya sita watu wameshalala!"

Mshonaji hakuwa mtu wa kukurupuka. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi cherehani, na jina la Mshonaji likamganda hata alipojifundisha kuhariri filamu. Kabla ya kugusa kazi hii alikuwa ametazama mianzo ya filamu arobaini na moja za taharuki, kila mmoja mara mbili: kwanza bila sauti, kisha akiwa amefumba macho na kusikiliza tu. Aliandika daftarini kila picha imekaa sekunde ngapi, na mtazamaji anajua nini ambacho mtu wa kwenye picha hakijui. Zilizoanza kwa risasi zilimshtua tu, kisha basi. Zilizomkausha mate zilimwonyesha kitu kimoja, zikamnyima nafasi ya kumwonya mtu.

"Kesho saa nne asubuhi nakuja na flashi kuichukua filamu," kaka akasema. "Gari lisipokuwa mwanzoni, kazi naipeleka kwa mwingine. Usinione mbaya."

"Tumwite shangazi aione."

Shangazi aliacha pasi chumba cha pili, akaja akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Akatazama mpaka mwisho.

"Mkoba mzuri huo," akasema. "Wekundu wake umetulia."

"Na kikombe?"

"Kikombe gani?"

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Umesikia? Mwezi mzima wa madaftari, shangazi kaona mkoba!"

Kicheko kilimchoma Mshonaji, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Akairudia picha polepole. Akaguna.

"Basi ni fupi mno."

"Fupi?"

"Nimekata nikifuata mwili, kama gauni. Mwanamke akitoka, na picha inaisha. Jicho linaondoka na mkoba, halijafika mezani."

Akaongeza sekunde saba za sebule isiyo na mtu. Hakukifunga kipande, alikishikiza tu, kama fundi anavyoshikiza nguo kwa uzi mrefu ili mwenyewe aijaribu kwanza. Akabonyeza.

Mwanamke akatoka, mkoba ukatoka, mvuke ukabaki ukipanda. Safari hii shangazi hakutaja mkoba. Akavuta kiti karibu.

"Nani kaimimina hiyo chai?"

"Shemeji ya..." kaka akaanza.

"Nyamaza wewe! Niache nione mwenyewe."

Kaka akakunja mikono. "Shangazi mmoja si ukumbi mzima."

"Si ukumbi," Mshonaji akakubali. "Ila mwanzo ni huu, kaka. Ukitaka gari, mpelekee huyo mwingine, na jina langu ulifute. Mimi sikati hata sekunde moja."

Hakupandisha sauti. Kaka akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akaokota funguo zake.

"Saa nne," akasema akiwa mlangoni. Neno la gari hakulirudia.

Kipande kilikuwa bado bubu. Mshonaji alirekodi kijiko kikigusa kikombe mara sita. Mara ya nne ilikaribia, lakini honi ya nje iliingilia. Akaandika daftarini, "Anza na sauti ya kijiko, kabla mwanamke hajafika," akahifadhi kazi na kuzima mashine.