Ratili Tatu za Chura

Watu wote wa milimani na wa mabondeni, wenye viatu na wasio na viatu, mnatangaziwa kwamba Jumanne ya wiki ya mwisho ya Februari, saa moja na nusu asubuhi, Msafara Mkuu wa Pruitt uliondoka rasmi kwenda kutembea kwa miguu kutoka Georgia mpaka Maine, maili elfu mbili na zaidi, juu ya migongo ya milima, bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Ulirudi nyuma kutoka kituo cha mafuta cha kwanza, kwa sababu kiongozi wa msafara alikuwa ameyasahau meno yake nyumbani, ndani ya glasi.

Kiongozi huyo alikuwa Bi. Orlena Pruitt, umri miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa hesabu, goti moja la kuzaliwa nalo na moja la chuma. Naibu wake alikuwa mjukuu wake Ansel, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni, aliyekuwa nyumbani kwa wiki mbili kwa sababu ambazo shule ilizieleza katika barua na ambazo hazifai kurudiwa mbele ya watu wenye heshima zao.

Basi zitarudiwa kwa ufupi. Mlango wa ofisi ya mkuu wa shule ulizuiliwa usijifunge na chura wa chuma, tangu enzi za wakuu watano waliopita. Siku moja mlango ukajifunga. Chura hayupo. Ansel alipoulizwa alijibu kwamba vyura wana desturi ya kuhama majira ya baridi yakikaribia kwisha. Shule haikuridhika na elimu hiyo ya viumbe.

Msimulizi anaomba ieleweke mapema kwamba yeye na huyo Ansel hawana undugu wowote. Anamjua kwa mbali, kama mtu anavyomjua mbwa wa jirani.

Mama yake Ansel aliamua kwamba wiki mbili za kukaa nyumbani zingekuwa zawadi, si adhabu. Atazitembea na Bibi, hadi mpaka wa North Carolina, kisha atarudishwa shule akiwa amechoka na ana adabu. Usiku wa kuamkia safari mama huyo alilikagua shanta la mwanawe mpaka ndani ya soksi. Hakupata kitu. Chura alikuwa amekwisha kuhamia shanta la Bibi, chini kabisa, ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu hakuna mtu katika ukoo ule aliyekuwa na ujasiri wa kumkagua Bibi. Mpango wa Ansel ulikuwa safi. Jioni ya kwanza angemtoa na kumzika mlimani kwa heshima zote za kijeshi.

Jambo moja tu hakulifikiria. Chura alikuwa na uzito wa ratili tatu.

Wanaotembea njia ile wanajua uzito wa kila wanachobeba, kama mama anavyojua umri wa watoto wake. Bibi alikuwa amekaa miezi minne jikoni na mizani ya unga, akipima kijiko, kitana, soksi, kibiriti. Mpini wa mswaki aliukata katikati. Lebo za nguo alizichana zote. Kama matundu ya vifungo yangekuwa na uzito, angeyaacha nyumbani. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu, na mwisho wake, chini ya mistari miwili, aliandika jumla: ratili ishirini na saba, wakia kumi.

Hesabu hiyo haikuwa ya mchezo. Daktari wa goti alikuwa amesema ratili ishirini na nane, basi. Mama yake Ansel akaongeza sheria yake. Mzigo utapimwa dukani, mjini Dahlonega, mbele yake. Ukizidi, Bibi arudi kwenye gari.

Na Bibi hakutaka kurudi kwenye gari tena. Mwaka uliopita alishuka mlimani siku ya nne, vidole vimepata rangi ya zambarau, amevikwa koti la mtu asiyemjua. Koti lake zito alikuwa ameliacha nyumbani ili kupunguza mzigo. Njia nzima ya kurudi aliipuliza mikono yake kwa pumzi. Ansel alikuwa kiti cha nyuma siku hiyo, na alivitazama vile vidole mpaka nyumbani. Walipofika mlangoni Bibi akasema: "Mlima haukunishinda. Nimeshindwa na koti." Kiangazi kilichofuata aliuza jamu ya pichi, na kwa hiyo jamu akanunua koti la manyoya ya bata, jepesi, la rangi ya chungwa.

Duka lilikuwa la mbao, na mizani ya ndoano ilining'inia kwenye boriti, karibu na jiko la kuni. Mwenye mizani alikuwa mzee mwenye ndevu zilizofika kwenye mkanda. Aliitwa Msumeno. Alikuwa ametembea njia nzima mara tatu, na mpini wa mswaki wowote aliouona aliukata, uwe wako au wa mwanawe.

"Na wewe kijana, unaitwa nani?"

"Tai wa Kilele," Ansel akasema, kifua mbele.

"Nani kakupa jina hilo?"

"Nimejipa mwenyewe."

"Basi bado huna jina. Huku jina unapewa na wenzako, na mara nyingi hulipendi. Bi. Orlena, tutundike."

Shanta likatundikwa. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia.

"Thelathini na wakia kumi," akasema mama yake Ansel. "Mama, tulikubaliana ishirini na nane."

Bibi aliutazama mshale. Kisha akamtazama Ansel juu ya miwani, kama anayesahihisha mtihani na kukuta majibu mawili yanayofanana sana.

"Labda mizani ya jikoni imezeeka," akasema.

"Mimi nakwenda kununua kahawa. Nikirudi nikute ishirini na nane, la sivyo sote tunarudi nyumbani. Sitaki maneno, Mama."

Mlango ukafungwa. Msumeno akasugua viganja. "Haya, tumwage vyote sakafuni."

"Mfuko wa kulalia usiguswe," Ansel akasema haraka kuliko alivyotaka. "Nimeukandamiza mimi. Ukifunguliwa, manyoya yataingia unyevu."

"Unyevu? Hapa, mbele ya jiko la kuni?"

"Unyevu wa Februari unajificha."

"Mwache," Bibi akasema. "Mtoto amesema usiguswe, usiguswe."

Akapiga goti lake la kuzaliwa nalo na kuanza kutoa. Kwanza meno ya chuma ya kufunga viatuni kwa ajili ya barafu, wakia kumi na nne. Kisha nguo za ndani za sufu, wakia kumi na mbili. Kisha koti. Alilikunja polepole, akalipapasa.

"Ratili moja na wakia mbili," akasema. "Hapo tumefika."

Msumeno akaacha kusugua viganja. "Bi. Orlena, redio inasema Ijumaa ni barafu, kutoka Mlima Springer mpaka Mlima Blood, na upepo juu yake."

"Maua ya manjano yametoka barabarani. Majira ya baridi yanakwisha."

"Kila mwaka maua hayo hunidanganyia watu, na kila mwaka mimi ndiye ninayewafuata na blanketi. Usiku chujio la maji linalala wapi?"

"Kifuani kwangu. Likiganda limekufa."

"Chupa?"

"Kichwa chini. Barafu huanzia juu, mdomo ubaki wazi."

"Gesi?"

"Ndani ya mfuko, miguuni."

"Unajua kila kitu, halafu unaacha koti."

"Anayejua kila kitu anajua pia kutoa," Bibi akasema, na akaenda kuliweka koti kwenye sanduku la bure, lililo karibu na mlango. Sanduku hilo lipo kila duka la njia ile. Unaacha usichokitaka, anachukua akitakaye, hakuna kuulizana.

Hapo Ansel alisogea sandukuni na kulitazama koti. Akala kipande cha chokoleti.

Na akitakaye hakukawia. Kijana mmoja mrefu kama mlingoti, aliyetoka Ohio na kaptura, aliinama sandukuni akalivaa koti. Mikono iliishia kwenye viwiko.

"Linanitosha," akasema.

"Halikutoshi," Ansel akamwambia. "Unaonekana kama karoti iliyovaa soksi."

"Ni la bure, bwana mdogo."

"Nitakupa chokoleti."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Kuna barafu Ijumaa, nimesikia. Sita."

Zilikuwa sita zote alizokuwa nazo. Ansel alizihesabu moja moja kwenye kiganja cha yule kijana kwa uso wa mfiwa, akapokea koti, akampelekea Bibi.

"Bibi, chukua. Nitakubebea mimi."

"Kila mtu hubeba mzigo wake. Ndiyo sheria ya njia."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Lirudishe."

"Ulisema koti ndilo lililokushinda."

"Nilisema. Na mama yako anasema ishirini na nane. Niende bila koti, au nisiende kabisa. Wewe ungechagua lipi?"

Ansel alitazama vidole vya Bibi vikifunga kamba za shanta. Kupitia dirisha alimwona mama yake akivuka barabara, vikombe viwili vya karatasi mikononi.

"Bibi," akasema, "Msumeno anakuita kule nyuma. Amesema ni haraka."

"Ehee," Bibi akasema, akaondoka.

Ansel aliruka juu ya shanta, akafungua kamba, akaingiza mkono mpaka bega kama mkunga wa ng'ombe. Alipita hema, alipita sufuria, akaufikia mfuko wa kulalia, akapapasa, akashika mguu wa baridi wenye vidole vitatu. Akavuta. Chura akatoka akiwa amevaa soksi moja ya Bibi kichwani.

Bibi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Hakuwa amekwenda popote. Msumeno alikuwa pembeni yake, naye hakuwa amemwita mtu.

"Ratili tatu," Bibi akasema, bila kuitazama mizani. "Kamili."

"Ulijua?"

"Nimepima mpaka uzi wa kushonea, mjukuu wangu. Orodha yangu inasema ishirini na saba na kumi. Ndoano inasema thelathini na kumi. Nimefundisha kutoa kwa miaka thelathini na minne. Nilichokuwa sikijui ni sura yake tu."

"Sasa mbona ulitoa koti?"

"Mizani ilikuwa imening'inia pale. Nikasema, ngoja nikupime na wewe."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningemtoa mwenyewe hapo mlangoni, nikavaa koti langu, na wewe ungerudi kwenye gari na mama yako."

"Koti lilikuwa linaondoka na yule mtu wa Ohio."

"Asingefika mbali. Viwiko vilikuwa nje."

Msumeno alikuwa amemchukua chura, anampima kwa kiganja. "Mzuri huyu. Wa kizamani. Tumtupe sandukuni?"

"Hapana," Bibi akasema. "Kila mtu hubeba mzigo wake."

Hivyo mama alipoingia na kahawa, alikuta shanta la Bibi limetundikwa, koti ndani, sufu ndani, meno ya chuma ndani, na mshale umetulia kwenye ishirini na saba na wakia kumi. Akapumua. Akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, kahawa ikamwagika kidogo. Kisha akauliza kwa nini shanta la Ansel limening'inia upande mmoja. Bibi akasema kijana ana kitu anachokipeleka posta ya North Carolina, pamoja na barua, na barua yenyewe ataiandika njiani.

"Sasa una jina," Msumeno akamwambia Ansel mlangoni. "Safari njema, Chura."

Ijumaa asubuhi barafu ilikuwa imeshika kila tawi kama kioo, na upepo ukivuma juu ya paa la kibanda cha wasafiri. Bibi alikaa ndani ya koti la rangi ya chungwa, akitoa chujio lake kifuani, zima, likiwa na joto, na kuwacheka watu wawili ambao machujio yao yalikuwa yamekufa usiku. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya vidole. Naibu wake alikuwa pembeni, hana chokoleti hata kipande, anajifunza kwamba hakuna kitu duniani kinachohifadhi baridi kama chura wa chuma.

Katika kibanda hicho kuna daftari, na kila apitaye huandika jina lake la njiani na neno moja. Bibi aliandika lake. Kisha akamsukumia mjukuu kalamu, akasimama nyuma yake, kama alivyosimama dukani, asione aibu kusoma juu ya bega. Yeye ndiye aliyesoma na ukurasa huu pia, tangu ule mstari wa mbwa wa jirani, na ameniuliza kwa upole huyo msimulizi asiye na undugu na Ansel ni nani hasa, na kwa nini mwandiko wake una mkia uleule kwenye herufi ya mwisho.

Basi. Ni mimi. Mlango niliufunga mimi, chura nilimchukua mimi, na bibi yangu nilimbebesha ratili tatu kwenye goti la chuma mimi. Mheshimiwa Mkuu wa Shule, barua uliyosubiri ndiyo hii, na kifurushi kinachokuja nayo usikiinue kwa mkono mmoja.