Vigezo vya Mwalimu Risper

Mwalimu Risper alisahihisha watu. Miaka kumi na minane ya kusahihisha insha za Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Rodi Kopany ilikuwa imemwachia jicho lisilopumzika hata akisoma tangazo la mazishi. Aliiona nukta iliyokosekana kabla ya kumwona marehemu. Majirani walimcheka, naye aliwaacha wacheke, kwa kuwa wengi wao hata barua ya kuomba ruhusa hawangeweza kuiandika ikaeleweka.

Jicho hilohilo alilipeleka kwenye kundi la wazazi huko Facebook. Lilikuwa kundi la watu wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kuanzia visiwani na Homa Bay mjini hadi Isebania mpakani, zaidi ya elfu moja. Humo watu waligawa nyota, moja hadi tano: duka gani la dawa lina zile kapsuli za kila siku, duka gani huzianika dirishani zikapigwa na jua, kliniki gani muuguzi hukuangalia kama mwizi wa kuku. Binti yake wa pekee, Apondi, alikuwa na miaka tisa, na tangu akiwa na minne alimeza kapsuli moja kila asubuhi. Akizikosa, damu ilimziba kwenye mifupa na mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Na kuna miezi ambapo kapsuli hizo ziliadimika kaunti nzima. Kwa hiyo swali la nani wa kuaminiwa humo kundini halikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Lilikuwa uhai wa Apondi.

Ndiyo maana akaandika vigezo vyake. Kabla hujaiamini dawa, aliandika, msahihishe kwanza anayeisifu. Anayesifu bila kutaja kasoro hata moja, mwache. Anayekuandikia "dawa nzuri, Mungu awabariki" hajakwambia kitu. Aliyeanza kuandika jana ni mgeni, lakini mwenye historia ya miaka minne ana kwao, unaweza kwenda kumuulizia. Na anayeruka ghafla kutoka nyota tano hadi moja, au moja hadi tano, jiulize ni nani aliyemnunulia chakula cha mchana.

Watu walivipenda vigezo hivyo hadi kiongozi wa kundi akavibandika juu kabisa, mahali ambapo kila anayeingia huvikuta. Ugomvi ukitokea, mtu alisema tu, "Angalieni vigezo vya Mwalimu," na ugomvi ukaisha. Risper mwenyewe alianza kuwapa wenzake alama juu ya ishirini, jinsi alivyozoea. Tusimfichie: alifurahi sana, na aliye na furaha ya namna hiyo huwa hatazami chini anapokanyaga.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Mohamednur, mwenye duka la dawa pale Rodi Kopany, mtu mpole aliyehamia kutoka Garissa miaka mingi iliyopita. Wateja wake walikuwa kina mama wa sokoni na nyanya zao, na wote waliandika kitu kimoja: dawa nzuri, nyota tano, Mungu awabariki. Risper aliwapa tatu juu ya ishirini, wote kwa pamoja. Kisha akaanza kupita mbele ya duka hilo bila kuingia.

Aliyeongoza darasa alikuwa mwanamke aliyejiita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Jina lake halisi lilikuwa Phelesia, ameolewa upande wa Macalder, na mtoto wake aliitwa Awuor. Alikuwa na miaka minne kundini, na mtu wa kwao alishathibitisha zamani kwamba anaifahamu familia yake. Mwezi wa tano Nyar Karungu aliandika juu ya duka jipya la Isebania, Tarajio, lenye kapsuli za kijani na nyeupe zisizokosekana hata siku moja. Alilipa nyota nne. "Moja nimeikata," aliandika, "kwa sababu kifuniko cha chupa hufunguka ovyo, na yule wa kaunta hajui kusalimia."

Risper aliisoma mara mbili. Kasoro mbili ndogo, wazi, zenye uzito wake, na sifa zisizopita kiasi. Alimpa kumi na nane. Aliagiza chupa, Apondi akaanza kumeza, na Risper akaandika chini ya yale maneno, "Huyu nimemsahihisha na nimemwamini. Nyota tano." Wiki hiyo wazazi arobaini na zaidi wakasema nao wanaagiza.

Mmoja tu hakukimbilia. Maroa, mkulima wa tumbaku kule Kehancha, baba wa msichana wa miaka sita aitwaye Boke, aliomba namba ya Risper na kumpigia. "Mwalimu, mimi sijui kusoma watu kwa simu," alisema. "Wewe ukisema nichukue, nachukua."

"Chukua," Risper alisema.

Mwezi wa saba Apondi aliamka akishika miguu. Maumivu yalipita. Yakarudi baada ya siku tisa, kisha baada ya siku nne, na macho ya mtoto yakaanza kuwa ya manjano. Risper aliogopa, na katika hofu yake alimwandikia aliyemwamini. Alimuuliza Nyar Karungu faraghani kama Awuor naye aliwahi kupata shida na hizo kapsuli. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini.

"Wangu pia alianza hivyo. Usiache, mwalimu. Ukiacha katikati ni mbaya zaidi."

Hakuacha. Wiki nyingine ikapita, na Jumamosi moja asubuhi Apondi hakuweza kushuka kitandani. Risper alimwacha na jirani, akatoka mbio kutafuta dawa ya maumivu, na duka pekee lililokuwa wazi lilikuwa la Mohamednur.

Mohamednur alimpa dawa, akamuuliza mtoto anatumia nini kila siku. Risper akatoa chupa kwenye mkoba. Yule bwana aliifungua, akachukua kapsuli moja, akaisugua kwa kidole gumba, na kidole kikabaki kijani. Akaitenganisha, akamwaga unga wake kwenye karatasi nyeupe, akauangalia kwa muda mrefu.

"Madam, hii kitu siwezi kukuambia ni dawa," alisema.

"Ni nini basi?"

"Sijui. Na ndiyo inaniogopesha. Kama ningejua ni unga ya mahindi, ningefurahi." Aliikunja ile karatasi polepole. "Lakini mimi pia nauza dawa. Nikisema vibaya juu ya duka ya mwenzangu, utasema napiga vita. Usiniamini mimi. Peleka mtoto hospitali wapime damu, na hizi achana nazo leo."

Risper alimpeleka mtoto. Apondi alilazwa, akawekewa maji, na ilipofika saa tano daktari alisema damu imeshuka mno lakini wamemwahi. Shangazi yake akaja kukaa naye. Na hapo, badala ya kukaa kando ya kitanda, mwalimu alifanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya: alikwenda kutafuta ushahidi. Mohamednur alikuwa na maslahi, kwa hiyo neno lake halikutosha. Nyar Karungu hakuwa na maslahi yoyote. Angemwona Awuor kwa macho yake, ajue mtoto mwingine anameza nini na anaendeleaje, kisha ndipo aandike.

Macalder si mji wa kupoteza mtu. Alipouliza mke wa nani aliyetoka Karungu na ana mtoto mgonjwa wa damu, mwanamke wa kibanda cha mboga alimwangalia kidogo kabla ya kumwelekeza. Boma lilikuwa na nyumba mbili za mabati na ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe, uliokatwa vizuri. Upande wa kushoto wa nyumba ndogo palikuwa na kaburi fupi. Udongo wake ulikuwa umeshikana, na majani yameanza kuota pembeni.

Phelesia alitoka akifuta mikono kwa leso. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko alivyosikika katika maandishi. Risper alijitambulisha, akasema wamekuwa wakiandikiana, akauliza Awuor yuko wapi. Aliuliza ingawa alishaliona kaburi.

"Awuor tulimzika mwezi wa tatu, mwalimu," Phelesia alisema.

"Lakini uliniandikia wiki iliyopita."

"Mimi sina simu tangu matanga."

Walikaa kwenye benchi. Phelesia alieleza bila haraka, kama mtu aliyeeleza mara nyingi na hakusikilizwa. Mwanzoni mwa mwaka kapsuli za kawaida zilipokosekana, mumewe alileta nyingine kutoka Isebania, za kijani na nyeupe, wakati huo zikiuzwa bila jina kwenye chumba cha nyuma cha duka. Mtoto alianza kushika miguu. Macho yakawa ya manjano. Baada ya mazishi, Phelesia aliwafuata wauzaji huko kuwauliza walimpa nini mtoto wake. Hawakumfukuza. Walimkalisha, wakamletea soda, wakampa pole. Kisha mmoja wao akamwomba ile simu, akasema atatengeneza kioo kilichopasuka na kuchapisha picha zote za Awuor kwenye karatasi nzuri, bure, kama rambirambi.

"Akasema nisifute kitu ndani, picha zisipotee. Nikampa. Nilirudi mara mbili, wakasema bado. Mara ya tatu mume wangu akanikataza."

Risper alihesabu miezi. Kwa hiyo mwezi wa tano, walipofungua duka lenye jina, waliingia kundini kwa akaunti iliyokuwa wazi kwenye simu hiyo, wakiwa na miaka minne ya mwanamke huyu mkononi. Wakakuta vigezo vimebandikwa juu kabisa. Wakavisoma kama mwanafunzi aliyeletewa majibu ya mtihani ulioibwa. Kifuniko kinachofunguka ovyo, yule wa kaunta asiyesalimia: waliviandika vyote kwa ajili yake, na yeye akawapa kumi na nane.

Alifungua simu papo hapo, akaandika kila kitu bila kuhariri. Kapsuli za Tarajio ni hatari. Apondi yuko hospitalini. Awuor alifariki mwezi wa tatu. Anayejiita Nyar Karungu si yeye. Acheni leo. Nyota moja, kwa kuwa hakuna sufuri.

Majibu yalianza kuingia. Wa kwanza aliandika, "Mwalimu, juzi tano, leo moja? Angalia vigezo vyako." Wa pili aliuliza nani amemnunulia chakula cha mchana, akaweka alama za kucheka. Wa tatu alisema amesikia Mwalimu ameonekana asubuhi kwenye duka la Mohamednur, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kisha Nyar Karungu mwenyewe akatokea.

"Mwalimu Risper namheshimu, amenifundisha mengi," liliandika lile jina. "Kila mtu huchoka mtoto anapougua. Mimi sisemi Tarajio haina makosa, chupa zao bado ni mbaya. Lakini Awuor wangu leo amekwenda mtoni kufua." Chini yake palikuwa na picha ya msichana mwenye sare ya buluu akicheka na pengo la meno.

Phelesia alikuwa amejongea kuangalia. Aliiona ile picha. Hakulia. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wa mtoto, na ukurasa ukateleza kwenda chini kwenye maoni ya watu waliokuwa wakisema hongera.

"Ngoja nipige picha ya kaburi," Risper alisema. "Hapo hawatabisha."

"Hapana."

"Phelesia, kuna watoto wengine."

"Hapana, mwalimu. Wamemtumia vya kutosha. Hao watu wataanza kuuliza kama kaburi ni lake, watagawa nyota. Sauti yangu nitakupa. Hiyo ni yangu."

Akasema kwa Dholuo na kwa Kiswahili, polepole, akataja jina lake, jina la mumewe, siku waliyomzika mwanawe. Risper aliirekodi na kuituma. Dakika mbili hazikupita. Huyu ni nani, waliuliza. Akaunti yake iko wapi? Hana historia. Nyar Karungu tunamjua miaka minne. Halafu kiongozi wa kundi, yule aliyebandika vigezo, akaandika kwa adabu kwamba kwa amani ya wazazi wote anamsimamisha Mwalimu kwa siku saba, na ukurasa ukafungwa mbele ya macho yake.

Alikaa akiitazama ile simu. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya Isebania peke yake. Alijichukia, na alijua vizuri sababu. Alikuwa amewafundisha watu elfu moja kutomsikiliza mama anayesema kweli kwa maneno machache.

Phelesia ndiye aliyesema, "Si una namba za wengine?"

Alikuwa nazo chache. Kati ya wale arobaini, ni kumi na moja tu waliowahi kumpigia. Alianza. Wawili walikata. Mmoja alimtukana kwa upole. Mama mmoja wa Mbita alisema anakwenda kuzitupa chooni, na Risper akamshukuru mara tatu. Waliobaki hawakushika. Wa mwisho alikuwa Maroa, ambaye alishika mara ya kwanza ilipolia.

"Mwalimu, habari ya siku nyingi," alisema. Nyuma yake kuku walisikika, na mtu akipasua kuni.

"Maroa, Boke anaendelea aje?"

"Aa, Boke ni mzuri. Wiki jana alisumbuka miguu, nikaingia kundini nikauliza, wakaniambia niongeze iwe mbili kwa siku. Tangu jana nampa mbili." Alicheka kidogo kwa furaha ya mzazi aliyepumzika. "Sasa ametulia. Amelala tangu saa nne asubuhi, hata uji hajaamka kunywa. Nimewaambia hapa wasimpigie kelele."

Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Phelesia, aliyekuwa akisikia kila neno, aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Maroa," Risper alisema, "ingia ndani umwamshe."

"Alikuwa amechoka, Mwalimu. Si nimwache tu?"

"Mwamshe sasa. Usikate simu."

Alisikia hatua zake zikivuka ua, mlango ukisukumwa, kisha sauti yake, ya chini, ikiita jina la mtoto mara moja. Ikaita tena. Mara ya tatu aliita kwa sauti iliyomfanya yule aliyekuwa akipasua kuni aache.