Baba Asipande Tena

Baba na mimi ni mafundi rangi, na kazi yetu ina maneno yake. Anayepanda huuliza, "Umeshika?" Wa chini huikumbatia ngazi na kujibu, "Nimeshika." Bila jibu, mguu haunyanyuki.

Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Baba alisimama sakafuni mikono mitupu, ngazi iko ukuta wa pili, akaniuliza, "Umeshika?"

Nilidhani ni utani. "Nimeshika nini, Baba? Dunia?"

Hakucheka. Akainua mguu, akayumba, akaenda chini pamoja na ndoo iliyokuwa kando yake. Rangi nyeupe ikatiririka hadi mlangoni.

"Mzee leo kaamkia kilabuni," akasema seremala aliyekuwa akipachika madirisha.

Nilimkunja shati, nikamwambia arudie. Hakurudia. Lakini nilipomwinua baba, nilimnusa mdomo. Baba yangu mzazi, aliyenilea peke yake, nilimnusa kama askari wa barabarani. Alinuka chai tu. Na kwa miaka miwili nilikuwa nikimkaripia: "Inua miguu, mzee. Unaburuta viatu vya nani?"

Hospitalini, daktari alimsimamisha kwa mguu mmoja. Hakumaliza sekunde mbili. Akamwambia atembee huku akihesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Kwenye kumi na saba hesabu ikakatika, na miguu nayo ikagoma.

"Kusahau kulianza lini?" daktari akaniuliza.

"Hasahau," nikajibu kwa ukali. Kisha nikakumbuka chumba kimoja alichokipaka upya siku mbili mfululizo, nami nikamsifu kwa umakini wake.

"Si kila mzee anayeyumba anapoteza kumbukumbu," daktari alisema taratibu. "Lakini ubongo unaokumbuka ndio huohuo unaomsimamisha mtu. Mara nyingine miguu hutangulia kutoa habari. Kwa baba yako, vyote viwili vinaondoka. Asipande ngazi tena."

Usiku kucha nilipanga maneno. Mtu aliyeishi miaka arobaini juu ya ngazi, unamshushaje? Asubuhi, kule ukumbini, nikampa brashi ndogo na kigoda, apake ukingo wa chini wa ukuta, pale tunapomwanzishia mwanagenzi siku yake ya kwanza. Nikasimama nikingoja anitukane. Niliomba anitukane.

Aliketi. Akavuta mstari ulionyooka kama uzi. Kisha akanitazama, akavua kofia.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Nikimaliza huku chini, utaniruhusu kupanda?"

Seremala aliacha kugonga. Nilitaka kusema, ni mimi, Baba, ni mwanao. Lakini yeye alikuwa ameshikilia kofia kifuani, na uso wake ulianza kuingiwa na woga wa mtu aliyesalimia asiitikiwe.

"Marahaba," nikasema. "Maliza kwanza hapo."