Mguu wa Nne

Nzanzu alikuwa na duka la sabuni na chumvi pale Mweso, kwenye milima ya Masisi, lakini moyo wake ulikuwa nyuma ya duka, kwenye msumeno na rabo ya kulainishia mbao. Fundi wa kujifurahisha, na jamani, aliyefurahi ni yeye peke yake. Viti vyake vyote vilicheza: ukikaa upande huu, mguu wa upande ule unanyanyuka. Hata padri alimwagikiwa chai kwenye kimojawapo, akajifuta kwa heshima ya Kikristo.

Mkewe Kahambu alivumilia hadi akachoka.

"Baba ya watoto, mama anakuya siku ya posho," alisema. "Umutengenezee kiti. Kama inacheza, atarudia kwake Kashebere na vyombo yako yote ya ufundi, apatie kaka yangu Magloire. Ule njo fundi."

Maneno hayo yalimuuma Nzanzu, maana rabo ile aliipenda mno. Safari hii hakukimbilia karatusi mbichi, ambayo hupasuka na kujipinda. Alichonga miguu minne, akaipanga kwenye uchaga ulio juu ya mafiga ya jikoni, moshi uikaushe kabisa. Kikalio akakiacha kivulini kibaki na unyevu kidogo. Kikija kukauka baadaye, kitaibana miguu bila msumari hata mmoja. Akajisifu weee, asikumbuke kwamba kwenye uchaga ndiko kila nyumba ya milima hii huanika kuni. Wala hakumwambia mtu.

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, mkwewe, Mama Kavugho, akafika na hamu ya kupika. Nzanzu alipofunga duka alimkuta jikoni, chungu cha maharage kinatokota.

"Mukwe, kuni za huku iko muzuri," alisifu mama. "Ile nilimalizia nayo haina hata moshi."

Nzanzu akatazama uchagani. Miguu ilikuwa mitatu. Alitaka kulia, lakini nani atamkaripia mkwe aliyempikia? Maji yakimwagika hayazoleki. Akasema, "Aksanti, mama," akala sahani mbili, na maharage yalikuwa matamu kwelikweli.

Kuchonga mguu mwingine mbichi kungekuwa kurudia kosa lilelile. Basi asubuhi kabla ya misa akatoboa kikalio matundu matatu, akayaelekeza nje kidogo ili miguu itanuke, akaigonga ndani. Liwalo na liwe.

Walipotoka misa, Mama Kavugho akaketi jikoni kwenye kiti hicho kipya. Sakafu ile ni ya udongo, ina mabonde na vilima kama Masisi yenyewe. Akaegemea kulia kuchukua sahani, akageuka kushoto kuchukua chumvi. Kahambu akainama, akakisukuma kiti kwa mkono. Hakikucheza. Miguu mitatu yote hufika chini, sakafu iwe vyovyote, na Nzanzu mwenyewe ndiyo kwanza anagundua. Furaha ilimpanda hata akasahau kutafuna.

"Na muguu ya ine iko wapi?" Kahambu aliuliza.

"Jana mama aliipikia maharage."

Mama Kavugho alishika mdomo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kahambu hakucheka. Alitoka nje, akaenda kwenye kapu ambamo alikuwa amekwisha kufunga vyombo vya mumewe kwa safari ya Kashebere. Nzanzu akasikia chuma kikigongana, akaweka sahani chini.

Kahambu akarudi na rabo, akamwekea mumewe mapajani.

"Na miye nitakaa wapi?" akasema.