Siku Ambayo Bi Mishi Hakuoshwa

Kila asubuhi Mwanatabu humwosha mavyaa yake, mama wa mumewe, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Mtongwe. Huchota maji kisimani, akayapasha moto, akamgeuza ubavu Bi Mishi aliyepooza upande mzima wa kulia, akamsugua mgongo, akampaka mafuta ya nazi, akamvisha leso kavu. Leo maji yalipata moto, yakapoa, na Mwanatabu hakuyagusa.

Bi Mishi aliita kwa upole kutoka chumbani. "Mwanatabu, mwanangu, leo tumechelewa?"

"Kidogo tu, mama. Subiri."

Akatoka uani asije akatazamana naye. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa ikipita nje ya ua wakati uleule. Kache, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu ambacho mavyaa yake alipewa na mradi wa kutunza wazee. Mavyaa mwenyewe hakuwemo. Kitini palikuwa na mitungi miwili ya maji.

"Waonaje, shoga?" Kache alisimama kupumua. "Mgongo wangu umepona kabisa."

"Naona. Na mama yuko wapi?"

"Yuko na mhudumu wake wa mradi. Yule binti ni baraka! Anamwosha, anamlisha, akimaliza anakosha na vyombo vyangu. Mimi huyo, sokoni."

Mwanatabu alicheka kwa meno tu. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, wa kumeza haumezeki, wa kutoa hautoki. Alikionea wivu kile kiti. Alimwonea wivu Kache kwa mgongo wake, kwa soko lake, hata kwa usingizi wake. Alijua ni vibaya, akaendelea kuona wivu vilevile.

Na tuseme kweli, nani asingeona? Watu wa mradi walipopita mara ya kwanza kuwakagua wazee wa mtaa, Mwanatabu alijiandaa kama mwenye harusi. Alitandika shuka la kuazima, akafukiza udi chumba kizima, akamtia Bi Mishi wanja na leso mpya. Mgeni hapokewi kwa uchafu. Akaja kijana mmoja mpole, Mussab, ameshika simu pana ya kujazia majibu. "Shikamoo, bibi. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Njema, alhamdulillahi."

"Msalani unakwenda mwenyewe?"

Bi Mishi alimtazama yule kijana, umri wa wajukuu zake. "Naenda, mwanangu."

Mwanatabu, aliyekuwa amesimama pale na sinia la chai na mahamri, hakumkanusha. Angemkanushaje mavyaa yake mbele ya mwanamume mgeni, tena kwa jambo la chooni? Moyoni akaona fahari kwamba nyumba yake inanukia. Mussab akanywa chai, akasifu mahamri, akaandika kwamba bibi anajiweza.

Kwa Kache siku hiyohiyo walimkuta bi mkubwa sakafuni, peke yake, amelowa. Kache alikuwa sokoni anauza mihogo, wala hakukumbuka kama kuna wageni. Jina la mavyaa yake likawa la kwanza kwenye orodha.

Kama ni kiti tu, Mwanatabu angesamehe. Lakini mwalimu mkuu wa chekechea ya pale juu alikuwa amemwekea nafasi ya upishi, na mwisho wa kungoja ni Jumatatu. Asipofika anachukuliwa mwingine. Mumewe Changawa alikuwa kibarua bandarini Kipevu, na siku hizi alikuwa akirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko alivyorudi na kitu, huku unga ukipanda bei kila wakienda dukani. Kazi ya Mwanatabu ndiyo ingewatoa. Lakini amwachie nani Bi Mishi? Alikwenda ofisini kwa mradi kulalamika, akaambiwa Mussab atarudi Ijumaa kukagua upya. Njia nzima ya kurudi alikuwa na wazo moja: hawa wanataka uchafu. Basi watauona.

Leo ndiyo hiyo Ijumaa. Jua likapanda, Mussab hakuja. Harufu ikaanza kutoka chumbani, na nzi wakaifuata. Mwanatabu alifagia ua uliokwisha fagiwa.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Mishi hajawahi kuacha sala tangu alipopooza. Husali kwa ishara, kwa macho na kichwa. Mwanatabu alisubiri asikie ile minong'ono yake mpaka watu wakaanza kutoka msikitini. Haikuja. Alichungulia mlangoni, akamkuta bi mkubwa ametazama ukuta.

"Husali, mama?"

"Nitasalije na najisi hii, mwanangu?"

Hakusema kwa ukali. Mwanatabu aliliendea sufuria la maji, akalishika, na palepale akasikia hodi. Mussab, na kofia yake ya Ijumaa kichwani, ametoka msikitini.

Alipoingia chumbani aliziba pua, kisha akaona haya, akaushusha mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo karibu, usiogope. Ile siku nilikudanganya. Msalani siendi. Najikojolea. Hapa nilipo nimelowa tangu alfajiri." Macho hakuyashusha. "Haya, andika."

Mussab aligusa simu yake mara kadhaa, kisha akamgeukia Mwanatabu. "Dada, wewe si upo hapa siku zote?"

"Nipo."

"Basi ndiyo taabu. Mradi ni wa wazee wasio na mtu. Bibi ana mtu."

"Mara ya kwanza mlisema anajiweza!"

"Mara ya kwanza ndivyo mlivyonambia. Sasa namkuta ana mtu na hatunzwi. Hiyo haiitwi kukosa huduma, yaitwa kutelekeza. Lazima niiandike, na chifu atakuita."

"Kutelekeza? Mimi?" Mwanatabu alisikia sauti yake ikipanda. "Na Kache je? Kache hayupo?"

"Tulipofika hakuwepo, dada. Sisi huandika tulichokikuta."

"Usimwandike huyu," Bi Mishi alisema kutoka kitandani. "Mimi ndimi nilomwambia asinioshe."

Ulikuwa uongo, na wote watatu walijua. Mussab aliinamisha kichwa. "Sikupanga mimi, bibi. Yamepangwa huko juu." Akaaga kwa adabu zote, akaondoka. Simu ilikwisha kuyapeleka majibu.

Mwanatabu alifunga mlango wa chumba, akapasha tena maji. Alimgeuza Bi Mishi ubavu, na alipoona ngozi ya mgongo imeanza kuwa nyekundu, akalia. "Nisamehe, mama. Ni wivu. Nimeona wivu mpaka nimekuwa mnyama."

"Hata mimi nimeona wivu," Bi Mishi alisema. "Yule mwenzangu wa kwa Kache anaogeshwa na mtu asiyemjua, akimaliza hamdai shukrani. Mimi kila siku naukunja mgongo wako." Aliuinua uso ufutwe. "Jumatatu nenda kazini."

"Na wewe nikuache na nani?"

"Na nani tena? Yule kijana si amekwambia mradi ni wa wasio na mtu? Niache peke yangu."

Nje kiti cha Kache kilikuwa kikirudi kisimani na mitungi mitupu, magurudumu yakigongagonga mawe. Mwanatabu aliikamua leso kwa nguvu zake zote.

"Ila kufuli usitie," Bi Mishi akasema. "Wakija, wasije wakadhani humu hamna mtu."